Wakuu, wanachama wapya wa klani nawachujaje?

Nahodha_Mchovu (mleta uzi): Habari zenu wakuu. Naongoza klani (timu ya wachezaji) kwenye gemu la simu la Clash of Clans, tupo 31 na nafasi ni 50. Nikiacha mlango wazi wanaingia watu wa kuomba askari, wakishapewa hawaonekani tena. Nikiweka kwa maombi, nakesha nasoma "nipokee kaka". Nyie mnaangalia kiwango cha TH (Town Hall, jengo kuu la kijiji cha mchezaji) au rekodi ya vita? Wiki nzima sijalala vizuri.

Bi_Upinde: Angalia vita. Kila mtu ana mashambulizi mawili, asiyetumia hata moja huyo ni abiria. TH kubwa isikutishe, kuna watu wamelipandisha mbio mbio na mashujaa wao bado wachanga, wanapigwa na TH ya chini yao. Mpe vita tatu za majaribio. Ligi ya vita vya klani asiguse kwanza, kule ni shambulizi moja kwa siku, siku saba, na akilala hakuna wa kumfidia.

Kijiwe Huru: Mimi nilimpokea dogo wa TH9, nikamfundisha kila kitu, nikampa askari mpaka nikabaki mtupu. Leo ana klani yake. Nimeomba kuingia, kanikatalia ndani ya dakika moja!

Mtumishi77: Mtu mzima unakosa usingizi kwa ajili ya gemu. Omba toba kwanza.

Kijiwe Huru: @Mtumishi77 na wewe umefikaje kwenye uzi huu mtumishi 😂

Bi_Upinde: Mleta uzi, hizo nafasi 19 zilikuwa na watu?

Nahodha_Mchovu: Tulijaa. Kuna naibu alifukuza watu usiku mmoja, hadi manaibu wenzake wawili, kisha akatoka. Sasa ameomba kurudi.

Bi_Upinde: Na umemjibu nini?

Nahodha_Mchovu: Nimeshampokea jana. Msinishambulie, ni shemeji yangu, nakaa kwake na intaneti ni yake. Unaibu nitamrudishia taratibu, amebadilika.

Kamanda Goti: Amebadilika tangu jana? Mkuu, swali lako la kuchuja wageni ni geresha. Mgeni ukimwacha mwanachama wa kawaida hawezi kumtoa mtu. Hata uzee, cheo cha chini ya unaibu, usiugawe kama njugu, maana mzee tayari anaweza kufukuza wanachama. Wewe unagawa unaibu kwa sababu ya wifi na waifai.

Mtumishi77: Shemeji ni ndugu. Msamehe.

Fundi Hesabu: Wakuu mnakunywa chai hapa. Naibu hana uwezo wa kumfukuza naibu mwenzake, anayeweza ni kiongozi peke yake. Hao manaibu wawili walitolewa na nani?

Kijiwe Huru: Weeee! Chai ya moto kabisa.

Nahodha_Mchovu: Siyo chai. Shemeji alitoa watu 17, kweli kabisa.

Fundi Hesabu: Na wawili?

Nahodha_Mchovu: Hao niliwatoa mimi asubuhi yake. Walikuwa wananiuliza maswali kama haya ya kwako.

Bi_Upinde: Warudishe hao wawili kabla hujampokea mgeni yeyote. Wao ndio waliokuwa wanakuchujia.

Nahodha_Mchovu: Nimewatumia mwaliko mara mbili. Wako klani nyingine, wananisoma tu.

Kijiwe Huru: Kwa hiyo nafasi bado zipo? Mimi ni TH12, na sina dada.