TiddlyWiki, DokuWiki, Zim au Obsidian: ipi inafaa kwa wiki ya mtu mmoja?

Msomaji Mkongwe: Wanajukwaa, natafuta programu ya wiki kwa ajili ya muhtasari wa vitabu na mawazo yasiyokomaa, yote yaunganishwe kwa viungo badala ya kufichwa kwenye folda. Nitaitumia peke yangu, mara nyingi bila intaneti. MediaWiki, ile inayoendesha Wikipedia, nimeiweka kando, kwani kuendesha PHP (lugha ya programu za seva) na hifadhidata kwa ajili ya mtu mmoja ni mzigo wa bure.

Kitabu Wazi: TiddlyWiki, ambayo Jeremy Ruston aliitoa mwaka 2004, ni faili moja tu ya HTML (muundo wa kurasa za wavuti), na ndani yake zimo kurasa zako pamoja na programu yenyewe. Tatizo ni kuhifadhi: kwa kawaida kivinjari hakiruhusiwi kuandika juu ya faili iliyofunguliwa, hivyo kila ukihifadhi kinapakua nakala mpya, na usipokuwa makini utajaza folda ya vipakuliwa bila kujua nakala ipi ndiyo ya mwisho. Zipo nyongeza za kuondoa usumbufu huo, ila ziweke mapema.

Fundi Seva: DokuWiki haihitaji hifadhidata na hutunza matoleo ya awali ya kila ukurasa, lakini PHP bado inaitaka.

Mchambuzi: Ndugu Msomaji, mimi huanza kwa kuuliza nitabaki na nini programu ikiachwa na watengenezaji wake. Zim na Obsidian huhifadhi kila ukurasa kama faili ya maandishi ya kawaida, inayofunguka kwa kihariri chochote. Ukiandika [[Umwagiliaji]], kiungo kinapatikana hata kabla ukurasa wenyewe haujaandikwa, na ukiubadilisha jina kutoka ndani ya programu, viungo vinaweza kurekebishwa vyenyewe. Obsidian ina programu ya simu, ingawa si programu huria, yaani msimbo wake haujawekwa wazi kwa umma. Zim ni huria, lakini imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta.

Msomaji Mkongwe: Na ile ramani ya viungo ya Obsidian inayosifiwa sana?

Mchambuzi: Kwa maoni yangu ni pambo. Kurasa zikiongezeka inakuwa kichaka cha nukta, wakati orodha ya kurasa zinazoelekeza kwenye ukurasa unaousoma hukukumbusha wazo ulilokwisha kulisahau.

Msomaji Mkongwe: Basi nitaanza na Zim, maana simu siiandikii.

Kitabu Wazi: Uamuzi mzuri, mkuu. Zingatia tu kwamba alama zake za uandishi si za Markdown (alama rahisi za kupangilia maandishi, ambazo Obsidian inazitumia), hivyo siku ukitaka kuhamia Obsidian utoe kwanza kurasa zako kwa muundo huo kupitia menyu ya Zim yenyewe.