Panthers: acheni kumsakama dogo Bryce, aliyetufikisha hapa ni mwenye timu

Wakuu, nimechoka. Naandika Aprili 2024: drafti ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani), ambapo timu huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu na iliyofanya vibaya zaidi huanza, iko mlangoni, na kila nikiingia humu nakuta ubishi uleule wa mwaka jana: tungemchukua C.J. Stroud, Bryce Young, mrusha mpira wetu mkuu, ni mfupi, Bryce hana mkono, Bryce arudi Alabama. Jana kuna mdau kaandika kurasa mbili kuhusu urefu wa sentimita 178, utadhani hiyo ndiyo iliyotufanya tumalize msimu na ushindi 2 na vipigo 15.

Hebu tuanze na bei, maana humu watu wanairuka. Machi 2023 Carolina Panthers, timu yetu, walichukua chaguo la 1 la drafti, ambalo ndilo lililotupa Bryce, kutoka kwa Chicago Bears. Tukatoa chaguo la 9 na la 61 la mwaka ule, chaguo letu la raundi ya kwanza la 2024, la raundi ya pili la 2025, na juu ya yote hayo mpokeaji wetu wa pasi D.J. Moore. Moore! Kijana anatoka chuo, anahitaji mtu wa kumrushia mpira, na sisi tukampata kwa kumtoa mtu wa kumrushia mpira. Msimu huohuo Moore kadaka pasi 96 kule Chicago, yadi 1,364, tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) 8. Usiku mmoja tu dhidi ya Washington alikusanya yadi 230 na tachidauni 3. Huku kwetu aliyembeba dogo ni mpokeaji Adam Thielen, mtu wa miaka 33, akafikisha yadi 1,014 kwa kujituma kwake. Ukimtoa Thielen, niambieni Bryce alikuwa anamtafuta nani.

Na muda wa kumtafuta angeupata wapi? Kaangushwa chini na mpira mkononi mara 62. Mlinzi wake Brady Christensen aliumia mechi ya kwanza, msimu wake ukaishia hapo. Mlinzi mwingine, Austin Corbett, alirudi kutoka kwenye upasuaji wa goti, akacheza mechi chache, akaumia tena. Wale walinzi wa pembeni mwa senta (anayeanzisha mpira katikati) walibadilishwa kila kukicha, huku upande wa kushoto Ikem Ekwonu akipitwa kama mlango ulioachwa wazi. Halafu juu yao kocha Frank Reich anampa msaidizi wake Thomas Brown kazi ya kupanga mashambulizi, anamnyang'anya, na Novemba 27 Reich mwenyewe anafukuzwa baada ya mechi 11. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kabadilishiwa mwalimu katikati ya muhula, halafu mnamuuliza kwa nini kafeli.

Simtetei kwa kila kitu. Novemba 5 dhidi ya Colts alirusha mpira mikononi mwa Kenny Moore mara mbili, na zote mbili zikarudishwa mpaka ndani kwetu. Makosa yale ni yake. Lakini kumbukeni pia Desemba 24 dhidi ya Packers: yadi 312, tachidauni 2, tumefungwa 33 kwa 30, na saa imeisha kabla hajawahi kuugonga mpira chini ili saa isimame na tupige teke la kusawazisha. Mchezaji asiyejua kazi hachezi robo ya nne vile. Kipaji kipo. Kilichokosekana ni watu wa kumzunguka.

Sasa njooni kwa Stroud, maana najua mtanirukia. Ningepewa kuchagua mimi, ningemchukua Stroud, kwa jinsi alivyocheza dhidi ya Georgia katika mechi yake ya mwisho ya chuo. Yale matokeo ya mtihani wa akili yaliyovuja kabla ya drafti, ambayo watu walimcheka nayo, yalikuwa upuuzi mtupu. Kafikisha yadi 4,108, tachidauni 23, kanaswa pasi 5 tu, na Houston Texans wamewapiga Browns 45 kwa 14 kwenye mchujo. Heshima yake.

Ila mnasahau kwamba Texans walichagua wa pili bila kumpa mtu yeyote kitu. Walibaki na Laremy Tunsil wa kumlinda upande wa kushoto, wakamleta kocha DeMeco Ryans na benchi moja la makocha lililokaa mwanzo mpaka mwisho wa msimu. Timu ile 2022 ilishinda mechi 3 tu, kwa hiyo msiniambie walikuwa na dhahabu. Walikuwa na mpango. Mwekeni Stroud nyuma ya ile safu yetu, bila Moore, na kocha anayesubiri barua ya kufukuzwa, halafu mje mniambie kama angefika hata yadi 3,000.

Ushahidi tunao hapahapa nyumbani. 2022 tulikuwa na warusha mpira wawili, Baker Mayfield, chaguo la 1 la 2018, na Sam Darnold, chaguo la 3 la mwaka huohuo, wote kwenye kikosi kimoja. Mayfield tukamwachia aende zake Desemba. Msimu uliofuata kaipa Tampa Bay ubingwa wa kundi letu sisi wenyewe, na kwenye mchujo kawapiga Eagles 32 kwa 9. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni jezi.

Na kwa nini humu hakuna anayemtaja mwenye timu, David Tepper? Kainunua timu 2018, na tangu hapo makocha wanaingia na kutoka. Desemba 31, 2023 tunafungwa 26 kwa 0 Jacksonville, yeye anamwagia shabiki kinywaji kutoka kwenye kibanda chake cha juu, NFL ikampiga faini ya dola 300,000. Hakuna aliyefungua uzi wa kurasa mbili kuhusu hilo. Brian Burns naye, mkali wetu wa kuwavamia warusha mpira wa wapinzani: iliripotiwa kwamba 2022 Rams waliweka mezani chaguo mbili za raundi ya kwanza, tukakataa, mwezi uliopita tumemuuzia Giants, na kikubwa tulichopata ni chaguo la raundi ya pili. Nalo hilo ni kosa la Bryce?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba chaguo la 1 la mwaka huu lilikuwa letu. Mashabiki wa Bears wanabishana kuhusu warusha mpira wa vyuo, Caleb Williams, Drake Maye au Jayden Daniels, kwa raha zao, kwa jasho la vipigo vyetu 15.

Angalau mwezi Machi uongozi mpya umefanya la maana: Robert Hunt kwa dola milioni 100 kwa miaka 5, Damien Lewis milioni 53 kwa miaka 4, wote walinzi wa katikati. Hela kama hizo zilitakiwa zitoke kabla dogo hajavaa jezi.

Tuna chaguo la 33 na la 39. Leteni majina ya wapokeaji, leteni senta, tujadili nani anapatikana pale. Atakayekuja tena na sentimita 178, aanze kwanza kwa kunitajia mlinzi gani alikuwa amesimama mbele yake.