Tunapimaje athari za kulinda eneo la maliasili dhidi ya matumizi mengine ya ardhi?

Mpangamiji: Ndugu wataalamu, nashiriki kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi katika eneo lenye ardhioevu kando ya mto, na jirani yake kuna akiba kubwa ya changarawe. Wapo wanaotaka kujenga nyumba, wapo wanaotaka kuchimba, na wapo wanaotaka pasiguswe kabisa. Rasimu yetu inaorodhesha faida za uhifadhi, kisha inapendekeza eneo lote lifungwe. Je, hiyo yatosha kuitwa tathmini?

Msoma Ramani: Haitoshi, kwa sababu imepima upande mmoja tu. Katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ya mwaka 1973 ilizaa mfumo wenye malengo 19 ya mipango ya ardhi, lengo la 5 linahusu maliasili, na utaratibu wake unataka matumizi yanayogongana nazo yapimwe kwa athari za aina nne: za kiuchumi, kijamii, kimazingira na za nishati. Tena hupimwa kwa hali tatu, yaani yakiruhusiwa, yakiwekewa masharti, na yakikatazwa. Nishati huwashangaza wengi, lakini changarawe ni mzigo mzito wenye bei ndogo kwa tani. Mkijenga nyumba juu ya akiba hiyo, malori yataisomba kutoka mbali, yakichoma mafuta na kuchakaza barabara kwa muda wote ambao mji unaendelea kujengwa. Kwa hiyo changarawe nayo ni maliasili ya kulindwa dhidi ya nyumba, jambo ambalo rasimu yenu imelisahau.

Mlinda Chanzo: Nakubali, ila ardhioevu isitiwe katika hesabu moja na machimbo. Miti ya kingo hutia maji kivuli na mizizi yake hushika udongo. Ikikatwa, maji hupata joto, oksijeni iliyoyeyuka ndani yake hupungua, na samaki wa maji baridi huanza kutoweka. Andikeni pia nyumba zilizokatazwa zitakwenda wapi, maana wahitaji wa makazi hawaondoki kwa zuio, na wakisukumwa kwenye miteremko ya juu, udongo wao utashuka mto ule ule.

Mpangamiji: Na wenye mashamba?

Msoma Ramani: Hao ndio kiini cha athari za kijamii. Jiji la New York, katika makubaliano ya mwaka 1997 kuhusu vyanzo vyake vya maji vya Catskill na Delaware, halikutegemea kanuni za makatazo peke yake: lilinunua ardhi kwa wauzaji wa hiari, likagharamia ukarabati wa mifumo ya majitaka ya wakazi, na hivyo likaepuka gharama kubwa ya kujenga mtambo wa kuchuja maji hayo. Mkichagua masharti badala ya kufunga, basi yaandikeni kwa vipimo: upana wa ukanda wa kinga, kina cha kuchimba, miezi ya kusitisha kazi, na nani atakayekagua.