Naomba ushauri: chanjo ya pepopunda imekwisha kituoni
Assalamu alaykum ndugu zangu. Jana, nikimsaidia baba mdogo kutengeneza ngalawa yake hapa Wete, nilikanyaga msumari wenye kutu ukanizama kisiginoni, na ingawa niliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kituo cha afya nilichokwenda kiliniambia kwamba chanjo ya pepopunda imekwisha. Sindano yangu ya mwisho niliipata mwaka 2016, nami nafahamu kuwa jeraha chafu huhitaji nyongeza ikiwa imepita miaka 5. Je, chanjo ya Td wanayopewa wajawazito, ambayo hukinga pepopunda pamoja na dondakoo, yanifaa mimi mwanamme, au nipande boti niende Unguja? Mama amenifunga kitunguu thomu, lakini hicho sikihesabu kuwa kinga.