Ushauri: Kwenda kwa gari kuona mashamba ya Waamish, Lancaster, Pennsylvania

Mpenda_Njia: Habari wakuu. Mwezi wa tisa tunataka kutoka Philadelphia kwenda Lancaster kuwaona Waamish, wale Wakristo wanaoshika maisha ya zamani na kusafiri kwa vigari vya farasi, tukiwa watu wazima wanne na watoto wawili. Hamu yangu hasa ni kilimo cha wanyamakazi. Tupite njia gani, siku ipi, na miiko yao ni ipi?

Plau: Nendeni Jumamosi, ndugu. Jumapili Waamish hawauzi kitu, hata kibanda cha mayai kinafungwa, na ndiyo siku vigari vya farasi vinapojaa barabarani kwenda ibadani. Umbali ni kilomita mia moja na ushee. Barabara kuu ya US 30 imejaa maduka na foleni. Shikeni barabara ya Route 340 inayopita vijiji vya Intercourse na Bird-in-Hand, kisha mkunje vijia vya mashambani.

Septemba mtakuta mahindi yakikatwa kwa ajili ya saileji (malisho mabichi yanayovundikwa kwa ajili ya mifugo), na tumbaku imening'inizwa kwenye maghala yenye mbao za wima zinazofunguliwa kupitisha upepo. Angalieni mashine ya kufunga majani makavu: baghala wanaivuta, lakini injini iliyofungwa juu yake ndiyo inayoizungusha. Trekta wanayo pia, inabaki zizini kuzungushia mitambo. Trekta ikiingia shambani, mtu mmoja ataweza kulima eneo kubwa na kumeza shamba la jirani. Jambo hilo ndilo wanalolizuia.

Usukani: Mkuu, hapo kwenye vigari pana hatari. Gari ikienda maili 55 kwa saa inakata karibu mita 25 kwa sekunde, kigari mita 3 au 4 tu. Ukikiona kikiwa mita 120 mbele, una sekunde zisizozidi 6 kabla ya kukifikia. Wengi wanagonga kwa sababu wanadhani kinakwenda kasi ya gari. Ukiona pembetatu ya rangi ya machungwa, alama ya chombo cha mwendo wa polepole iliyo nyuma ya kigari, punguza mwendo papo hapo. Usipige honi wala kungurumisha injini nyuma ya farasi, anashtuka. Usipite kwenye kilima wala kona. Subiri uone mbele kweupe, uhame njia nzima, na usirudi upesi mbele ya pua ya farasi. Kwenye taa acha mita 3 au 4, kigari hurudi nyuma kidogo.

Mama_Shamba: Picha: piga mashamba na mifugo, nyuso za watu acha. Wanashika Kutoka 20:4, kukataza sanamu. Watoto waambieni mapema, maana simu zao ndizo zinazokosea. Msiingie uani kwa mtu. Nyumba zile ni makazi. Mkitaka kuingia ndani, lipieni ziara ya The Amish Farm and House, kwenye US 30. Bebeni noti ndogondogo, kwenye vibanda vingi unaweka pesa sandukuni na hakuna wa kukurudishia chenji.

Mpenda_Njia: Asanteni sana. Soko la mjini je, tuanzie huko au tumalizie?

Mama_Shamba: Anzieni huko. Central Market hufunguliwa Jumanne, Ijumaa na Jumamosi, na bidhaa nzuri huisha mapema. Jibini na nyama wekeni kwenye kasha lenye barafu kabla ya kwenda mashambani.