Naomba ushauri: mtoto wa dada anatibiwa malaria miezi mitatu haponi

Habari zenu ndugu zangu, naombeni msaada wa mawazo maana huku kichwa kimeshachoka. Mtoto wa dada yangu ana miaka 6, tuko Sengerema, tangu miezi mitatu iliyopita homa inakuja inaondoka, zahanati wakasema malaria, mara taifodi, mara UTI, sindano kachomwa hadi basi, damu kaongezewa mara mbili na bado inaisha tu. Sasa hivi analalamika miguu inauma kwenye mifupa usiku halali, anatoka damu puani na ana madoa madogo mekundu mapajani. Juzi ndo daktari mmoja kijana kaagiza FBP (kipimo cha picha kamili ya damu), chembe nyeupe ziko juu sana, pleteleti (chembe za kugandisha damu) zimeshuka, akasema inaweza kuwa saratani ya damu, twende Bugando, hospitali ya rufaa Mwanza, wakampime uboho wa ndani ya mifupa.

Shida ni nyumbani, bibi anasema tusubiri kwanza kuna mtu wa dawa za kienyeji, mi nimekataa kabisa, miezi mitatu imetosha jamani.

Aliyewahi kupitia hili Bugando naomba anielekeze, je rufaa ni lazima au tunaweza kwenda moja kwa moja dharura? Mtoto hana bima, ustawi wa jamii wanasaidia? Dada atalala wapi? Halafu kuna vidonge vya predinisoloni (dawa ya steroidi) tulipewa duka la dawa, nimeambiwa vinaweza kuficha ugonjwa kabla ya kipimo, nimezizuia hajameza hata kimoja, nimekosea? Kesho asubuhi tunapanda gari.