Fundi kaniambia "bati limeoza". BODI YA GARI YANGU SIO BATI!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimeruka nisameheni. Ni yule fundi rangi wetu wa hapa Houston. Simtaji, mnamjua, yule anayejitupia kwenye kila grupu la WhatsApp la Watanzania na picha zake za "kabla na baada". Huyo huyo.

Nina Corvette ya 1976. Corvette tangu ya kwanza kabisa, mwaka 1953, bodi yake ni faibaglasi. Ukiibandika sumaku inadondoka chini. Rangi ya zamani ilishapasuka kama tope la kiangazi na inabanduka magamba magamba, boneti na madigadi ya mbele ndiyo usiseme. Nikampelekea. Nikamwambia kwa Kiswahili alichonyonya kwa mama yake: "Kaka, hii ni faibaglasi, ikwangue taratibu, dawa kali usitie." Akajibu "nimekupata bosi" mara tatu. Petro alikana mara tatu, huyu kaitikia mara tatu, mwisho wao ni mmoja.

Jana jioni naingia gereji. Jamaa kaimwagia dawa ya kutolea rangi kwenye bati, ile ukiinusa machozi yanakutoka, halafu kaifunika na nailoni usiku kucha kama anavundika ndizi. Nikabonyeza madigadi kwa dole gumba. DOLE LIKAZAMA. Laini kama andazi lililosahaulika kwenye chai. Nyuzi zimechomoza kama ndevu za mahindi. Nikamgeukia, akafuta mikono kwenye suruali, akaniangalia machoni bila haya, akasema:

"Bosi, bati limeoza."

Bati. Limeoza.

Na hapo anataka niongeze dola 400 akate kipande, achomelee bati jipya. Achomelee! Kakaa na gari siku tisa, kaigonga, kaiegemea, kalia chapati juu ya boneti, wala hajajiuliza mbona inalia kama ndoo ya plastiki. Bati limeoza!

Sijalala. Asubuhi mke wangu kauliza mkate uko wapi, nikamjibu umeoza.

Mzee wa Vingunguti: 😂😂😂 "kama anavundika ndizi". Mkuu pole, lakini nimecheka mpaka bosi kanichungulia.

Binti Sayuni: Kumbe Marekani nako kuna mafundi wa "nimekupata bosi"? Mimi nilidhani wanaachwa airport.

Chuma Chakavu: Yaani mtu kapanda ndege saa ishirini kwenda kununua gari la plastiki la mwaka 1976. Kwa hela hiyo ungepata IST mbili na chenji.

Mleta uzi: SIO PLASTIKI TUPU. Ni nyuzi za kioo na resini. Wewe na yule fundi mmesoma darasa moja.

Chuma Chakavu: Sawa bosi, nimekupata bosi, nimekupata bosi.

Msasa Namba 80: Mkuu nisikilize. Kinachoshika zile nyuzi ni resini, na dawa ile haibagui rangi na resini, inakula vyote. Kama kopo lina methilini kloridi, basi muulize kalitoa wapi, maana hapo Marekani ilipigwa marufuku 2019 kuuziwa raia wa kawaida kwa kazi ya kutoa rangi. Corvette za miaka hiyo zilitoka kiwandani na rangi ya laka. Laka iliyopasuka unalaza wembe unainyoa kama kidevu, inatoka vipande vipande, kisha msasa wa mkono, na ukiona prima, ile rangi ya chini, unapunguza nguvu. Grinda isisogee hapo, wala mashine ya kupuliza mchanga, utachana nyuzi. Sasa hivi osha, acha ikauke wiki kadhaa, usikubali prima leo wala kesho. Dawa iliyonywewa itarudi kama malengelenge chini ya rangi mpya. Palipolainika pakatwe, patandikwe kitambaa cha kioo na resini upya.

Mzee wa Vingunguti: Watu tunacheka, huyu kafungua VETA.

Nahodha wa Tanga: Ukisaga vaa barakoa na mikono mirefu. Mimi nilisaga boti ya faibaglasi kifua wazi, nikajikuna siku nne. Shemeji yako akaanza kunihoji nimelala wapi.

Mleta uzi: Asante Msasa. Lakini jamani, kaniangalia MACHONI. Angesema "samahani" ningeondoka. Bati limeoza!

Mama Junior Tabata: Afadhali wewe uliambiwa kitu. Mimi Noah yangu ilipigwa rangi chini ya mwembe. Jani limo mle ndani mpaka leo. Fundi anasema ni stika.

Otieno wa Umoja: Huku Nairobi fundi wangu ameniambia "kesho" tangu Februari. Gari sijui kama bado iko.

Kanzu Fupi: Mafundi magari wana nafuu. Fundi cherehani alinishonea suti ya harusi, bega moja juu jingine chini. Nikalalamika, akanizungusha, akanipima na macho, akasema: "Suti haina shida, wewe ndiye umepinda."

Binti Sayuni: 😂😂 HUYU sasa ndiye kiboko! Umepinda!

Mama Junior Tabata: Wa kwangu alinishonea kitenge, cha mwanangu kikatoka humo humo bila kuagizwa. Kisha akanidai hela ya viwili.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye gari. Nimlipe au nisimlipe? Kanipigia sasa hivi, anasema bati jipya kashanunua.

Mzee wa Vingunguti: Subiri kwanza mkuu. Kanzu Fupi, suti ikaishaje?

Kanzu Fupi: Nilifunga nayo ndoa. Picha zote nimeshika kiuno.